Kicheko Chini ya Kiti cha Nyuma

Ilianza Ijumaa, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni, pale mkuu wa maabara aliponyanyua kidole hewani ndani ya gari na kusema, "Shh. Sikiliza."

Walikuwa wametoka kazini, kiwanda cha sabuni, na binti aliyeshika usukani alikuwa amempa lifti kwa sababu gari la mkuu lilikuwa gereji. Kazini hakuna aliyemwita binti huyu kwa jina lake. Walimwita Milimita. Kazi yake ilikuwa kupima mafuta yanayoingia kwenye sabuni, na sifa zake zilifika mpaka kwa walinzi: aliwahi kurudisha pipa zima getini kwa sababu lebo yake ilikuwa imebandikwa juu ya lebo nyingine.

"Sisikii kitu," alisema Milimita. Alikuwa anadanganya.

Gari likapanda tuta, likashuka.

Hiii… hiii… hiii.

"Hiyo!" Mkuu aligeuka akatazama kiti cha nyuma. Kilikuwa kitupu. Akaangua kicheko. "Milimita, umembeba bibi kizee huko nyuma? Mbona anatucheka?"

Milimita naye alicheka, lakini kwa meno tu. Masikio yake yalikuwa yanawaka moto. Tangu sauti ile ianze kutoka chini ya kiti cha nyuma, upande wa kushoto, alijua inafanana na nini, na hakuwa amemwambia mtu.

Ilifanana na kicheko cha mama yake.

Mama alikuwa fundi wa kushona mapazia. Maisha yake yote alikuwa akizungumza kwa kushindana na cherehani, na hata cherehani iliponyamaza, yeye hakushusha sauti. Kicheko chake kilianzia tumboni, kikapanda kifuani kikiwa kinene, halafu pumzi ilipokaribia kuisha kikawa chembamba kama bawaba ya mlango mbovu: hiii, hiii, hiii. Akicheka benki, foleni nzima inageuka. Siku ya mahafali ya chuo, Milimita alipoitwa jukwaani, kicheko kile kilipaa juu ya makofi ya ukumbi mzima, na binti akaenda kupokea cheti chake akiwa ameinamia viatu vyake.

Na kesho yake, Jumamosi asubuhi, alitakiwa kwenda kumchukua mama wa mchumba wake, aje kwao kwa mara ya kwanza. Mwalimu mkuu mstaafu. Mwanamke wa kuzungumza taratibu mpaka watu wanainama ili wamsikie. Mama alikuwa ameshaapa kwamba habaki nyumbani. "Mkwe mwenzangu aletwe kama kifurushi? Naenda kumpokea mwenyewe!" Kwa hiyo vicheko viwili vingekuwa ndani ya gari moja, kimoja mdomoni na kingine chini ya kiti. Milimita alikuwa hajalala vizuri wiki nzima kwa kulifikiria hilo.

Si kwamba mama hakujaribu kusaidia. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amemfuata mpaka garini na kichupa cha mafuta ya cherehani.

"Matone mawili tu, mwanangu. Mashine yangu haijawahi kuninung'unikia."

"Mama, hayo yatachafua kitambaa. Yakigusa mpira yatauvimbisha. Si kila kitu ni cherehani."

"Haya, msomi wangu." Mama akacheka, akarudisha kichupa kwenye mfuko wa aproni. Jirani aliyekuwa anafagia aligeuka. Milimita akapandisha kioo.

Baada ya kumshusha mkuu, alikata kona kuelekea mtaa wa vipuri. Maduka yalikuwa yanafungwa. Milango ya chuma ilishuka mmoja baada ya mwingine, graaa, graaa, na wenye maduka wakawa wanachomoa taa zao. Mwishoni mwa mtaa, baada ya banda la fundi wa matairi, palikuwa na duka ambalo hakukumbuka kuliona kabla. Mlango wazi. Taa moja.

Hakuna redio. Hakuna feni.

Nyuma ya kaunta alisimama mwanamke mrefu, masikio yote mawili yamezibwa kwa pamba. Mikononi alivaa bangili nyingi za chuma.

"Habari za jioni, dada. Natafuta kilainishi," alisema Milimita kwa haraka, maana alikuwa ameshajipanga. "Gari linalia ndani. Lakini sitaki mafuta ya kulegeza kutu. Yale yanatuliza siku mbili, yanakauka, yanakusanya vumbi, halafu kelele inarudi kubwa kuliko mwanzo. Grisi ya kawaida itachafua viti. Nahitaji silikoni ya kupuliza kwa ajili ya mipira, na grisi nyeupe kwa ajili ya reli ya kiti. Kama unazo."

Mwanamke aliinua mkono kumwonyesha rafu. Bangili ziliteleza zote mpaka kwenye kiwiko, zikagongana.

Hazikutoa sauti.

Milimita aliona. Alijiambia labda ni za plastiki, akasogea kwenye rafu. Makopo yalikuwa yamepangwa vizuri, vifuniko vyote vimezungushiwa utepe mweusi. Hakuna hata moja lenye lebo. Alilishika la karibu ili aligeuze, huenda lebo iko nyuma.

Kopo lilikuwa linatetemeka.

Taratibu sana. Kama simu iliyowekwa mtetemo, ndani ya mfuko wa mtu mwingine.

Akalirudisha.

"Hayana lebo," alisema, na sauti yake ikasikika kubwa mno kwenye chumba kile.

"Inategemea kinacholia," alinong'ona mwanamke. Alinong'ona kama mtu anayebana matumizi. "Siuzi kabla sijasikia. Na kelele ya gari haitafutwi na mtu mmoja. Wewe endesha. Mimi nitasikiliza."

Hilo lilikuwa kweli, na Milimita alilijua. Alikuwa amesoma kila alichoweza kusoma juu ya jambo hili: mmoja anaendesha, mwingine anatega sikio, anabonyeza paneli moja moja mpaka kelele ikatike. Yeye hakuwa na wa kukaa naye. Mtu pekee ambaye angekubali ni mama, na mama ndiye hasa ambaye hakutaka aitegee sikio sauti ile, asije akaitambua kuwa yake.

Hapo ndipo angeondoka, kama ingekuwa siku nyingine. Mtu aliyerudisha pipa zima kwa sababu ya lebo hapokei dawa kutoka kwenye kopo lisilo na jina. Lakini maduka yalikuwa yamefungwa, kesho ilikuwa inakuja, na aibu ina haraka zake.

"Twende," akasema.

Mwanamke aliingia nyuma, upande wa kushoto. Hapohapo mama anapokaa siku zote. Milimita alimwona kwenye kioo akichomoa pamba kutoka sikio moja, polepole, kisha akiinama mpaka kichwa kikapotea chini ya usawa wa kioo.

Giza lilikuwa linaingia. Barabara ya nyuma ya maduka ilikuwa na mashimo.

Shimo la kwanza. Hiii…

"Unaijua sauti hii?" Mnong'ono ulitoka chini, karibu na sakafu.

"Ni kiti tu."

"Sikuuliza inatoka wapi."

Shimo la pili. Hiii… hiii…

"Inafanana na ya mtu."

"Hapana," alisema Milimita.

"Si ya mtu wa kwako?"

Angeweza kucheka na kusema, ndiyo, dada yangu, mama yangu huyo, ukimsikia utadhani yumo humu. Ingekuwa mzaha mzuri. Watu wengine husema mambo kama hayo juu ya mama zao na hawadhuriki kwa lolote. Lakini mbele ya macho yake alimwona mkuu wa maabara akigeuka, akaona na viatu vyake vya mahafali.

"Si ya mtu ninayemjua," akasema.

"Basi haina mwenyewe," ulisema mnong'ono, na safari hii ulikuwa na uzito mwingine, kama koo la mwanamume mzee. "Isiyo na mwenyewe haiombewi ruhusa."

Harufu ikajaa garini. Milimita alitegemea petroli, au ile harufu tamu ya silikoni. Haikuwa hiyo. Ilikuwa harufu ya chaki ya kuchorea vitambaa. Ya nguo iliyotoka kupigwa pasi. Ya aproni…

"Hapo," ulisema mnong'ono. "Nimeipata."

Gari likaingia shimo la tatu, kubwa kuliko yote.

Hakuna kitu.

Hakuna hiii. Hakuna kishindo cha gari kugonga chini. Aliwasha taa ya kukata kona, ile ambayo siku zote hupiga tik, tik, tik kwenye dashibodi. Iliwaka na kuzima. Kimya kabisa.

"Nishushe hapa."

"Nikulipe…"

"Nimeshachukua."

Mlango wa nyuma ulifunguka ukafungwa bila kishindo. Milimita alikaa akishikilia usukani, na kitu kimoja kidogo kikamkaa rohoni. Mtu akishuka, gari huinuka. Kidogo tu, lakini huinuka, na yeye ni mtu wa kuona vitu vidogo.

Gari halikuinuka.

*

Nyumbani alimkuta mama mezani, amevaa miwani, anapindua upindo wa kitambaa cheupe. Mama aliinua uso, akatabasamu, akafungua mdomo, akaanza kuzungumza.

Mdomo ulikwenda. Mikono ilikwenda. Alikuwa anasimulia habari ya mteja fulani, hilo lilionekana wazi, maana alijishika kiuno, akabinua midomo, akatembeza kidole hewani kama mtu anayepima dirisha. Kisha alitupa kichwa nyuma na kucheka. Mabega yalimtikisika. Tumbo lilimtikisika. Machozi ya kucheka yakamtoka.

Saa ya ukutani ilisikika ikienda.

"Mama… sikusikii."

Mama alimpiga kibao cha mzaha begani, wala kibao hakikutoa sauti, akaendelea. Yeye alikuwa anaisikia sauti yake mwenyewe vizuri tu.

Simu ya mama ikalia. Alikuwa mama mdogo, na kama kawaida mama aliweka spika ili mikono iendelee kushona.

"Halo? Dada? Halo?" alisema mama mdogo. Mama akajibu, akaeleza, akacheka. "Halo? Dada, mbona kimya? Naona umepokea lakini sikusikii. Haya, nitapiga baadaye."

Simu ikakatika.

Mama aliitazama simu. Akamtazama binti yake. Taratibu akapeleka vidole kooni, akavibonyeza, kama anavyobonyeza kitambaa kutafuta sindano iliyopotea.

Na Milimita, msomi wake, mwanawe wa pekee, akasimama pale katikati ya chumba, na wazo la kwanza kumjia likawa hili:

Kesho itakuwa rahisi.

Lilipita upesi. Alilifukuza kabla halijakaa. Lakini lilikuwa limeshapita, na alikuwa ameliona likipita, na hakuna sabuni ya kuosha jambo kama hilo. Alishika funguo akatoka karibu akimbie.

Mtaa wa vipuri ulikuwa gizani. Fundi wa matairi peke yake ndiye aliyebaki, anafunga banda lake kwa mnyororo. Palipokuwa na duka kulikuwa na mlango wa chuma ulioshushwa, kufuli lake limeliwa na kutu.

"Umechelewa, dada'ngu," alisema fundi bila kuulizwa. "Au umewahi sana. Wengine hukaa wiki nzima ndipo warudi."

"Kina nani?"

"Wenye magari yaliyonyamaza." Alivuta mnyororo, akauangalia. "Wanakuja na kelele, wanaondoka wanacheka. Halafu wanarudi hapa wanazitaka kelele zao. Mimi nauza matairi tu, usiniulize mambo ya ndani."

"Kaka, tafadhali. Kuna aliyefanikiwa?"

Fundi alijikuna shingo.

"Mmoja. Mtu mzima, na suti yake. Babake alikuwa na kikohozi, kikohozi kibaya, na yeye alikuwa anaona haya kumpeleka mbele za watu. Alisema sauti ile inarudi ukiitaja ni ya nani. Lakini si chumbani peke yako. Mbele ya yule yule uliyekuwa hutaki aisikie."

"Na ikarudi?"

"Gari lilianza kukohoa, ndiyo." Alipiga kufuli. "Baba mwenyewe, sijui. Mimi nilisikia gari tu."

*

Kulipopambazuka Milimita alikuwa ameshang'oa mto wa kiti cha nyuma. Alikuwa na ndoo, sabuni ya maji, spiriti, na matambara. Kama ni mafuta, alijiambia, yana njia ya kutoka. Kila mafuta duniani yana kinachoyatoa.

Hakukuwa na mafuta. Chuma kilikuwa kikavu, na vumbi lake la siku zote. Ila pale kwenye pembe, mahali kiti kinaposhikana na sakafu, palikuwa na kipande cha pamba nyeupe kimeshindiliwa ndani kabisa. Alikigusa kwa kidole.

Kilikuwa cha moto. Na nyuma yake kitu kilikuwa kinatetemeka, kama lile kopo.

Alivuta kwa koleo mpaka mkono ukauma. Hakikusogea. Akainamisha mdomo karibu nacho, akanong'ona, "Ni ya mama yangu. Sauti hii ni ya mama yangu." Akarudia, na tena. Hakuna kilichotokea, maana aliyesikia ni ndoo na matambara.

Alipoinuka, mama alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa amevaa lile gauni la kijani la siku kubwa, amejipaka poda kidogo. Milimita hakujua amesimama pale tangu saa ngapi. Mama hakuuliza kitu. Alitoa kichupa kwenye pochi, mafuta ya cherehani, akamwonyesha, akanyoosha vidole viwili. Matone mawili tu.

Milimita alipokea kichupa kwa mikono miwili. Alidondosha matone mawili kwenye reli, akijua hayafai kitu, na akarudisha kiti mahali pake bila kumtazama mama usoni.

Mama akaingia, akakaa kushoto.

Mwalimu mkuu mstaafu alikuwa akiwangoja getini kwake, na mkoba wake umeshikwa mbele kwa mikono yote miwili. Mama alishuka kumpokea, akamkumbatia, akamtikisa, akamshika mashavu. Mdomo wake ulimwaga maneno. Mgeni alisubiri, ameinama kidogo kwa adabu, mpaka alipotambua kwamba hakuna cha kusikia. Akamgeukia Milimita.

"Mama amekauka koo," alisema Milimita haraka. "Mafua kidogo."

"Oh, pole sana, mwenzangu." Alipewa kiti cha mbele, akafunga mkanda.

Barabara kuu ilikuwa laini kama meza. Gari lilikwenda kama halina magurudumu. Hata pumzi zao hazikusikika.

"Gari lako ni tulivu," alisema mgeni kwa ile sauti yake ya kuinamiwa. "Napenda utulivu. Unajua, mwanangu aliniambia mama yako ni mtu wa vicheko. Nikawa na wasiwasi kidogo, nisiseme uongo. Kumbe ni mpole."

Hii ndiyo nafasi. Milimita aliiona ikifunguka mbele yake, pana kama lango. Alifungua mdomo.

"Ndiyo," akasema. "Mama hana maneno mengi."

Alisikia uso wake ukipata moto kuanzia shingoni. Hakutaka kuangalia kioo. Akaangalia.

Mama alikuwa anamtazama. Mdomo ulikuwa wazi, kichwa kimeegemea nyuma, mabega yanatikisika, machozi yanateremka juu ya poda. Milimita alitazama, akatazama tena.

Hakuweza kujua.

Bila sauti, hakuweza kujua kama mama yake anacheka au analia.

Na pale kando ya mama, katikati ya kiti, pasipokuwa na mtu, kitambaa kilikuwa kimebonyea kama kimekaliwa.

Milimita akakata usukani. Gari likaacha lami, likaingia njia ya vumbi pembeni, ile inayopita nyuma ya viwanda, ambayo malori yameichimba mpaka madereva wote wanaikwepa.

"Binti, njia ni hii kweli?" aliuliza mgeni.

"Hapana, mama."

"Sasa tunakwenda wapi?"

"Mama yangu hana mafua." Milimita alikaza macho barabarani. "Nimekudanganya. Si mpole, wala si mkimya. Anaongea kama anaita watu ng'ambo ya mto. Anacheka mpaka watu benki wanageuka. Siku ya mahafali yangu alicheka ukumbi mzima ukamsikia, nami nikatamani ardhi inimeze. Nilikuwa naona haya uisikie. Kwenye gari hili kulikuwa na sauti, na mtu akaniuliza ni ya nani, nikamkana. Ni yake. Ni ya mama yangu."

Mahali fulani chini ya kiti kitu kikachomoka. Po. Kama kizibo cha chupa.

Gari likaangukia shimo.

Hiii…

Mgeni alishika mshikio wa mlango. "Ni nini hicho?"

Shimo jingine.

Hiii… "we…" hiii…

Milimita alitazama kioo. Midomo ya mama ilikuwa inakwenda, na sauti ilikuwa yake, ile ile, nene mwanzo nyembamba mwisho. Lakini haikutoka mdomoni. Ilitoka chini, kwenye chuma, na ilitoka pale tu gari lilipotikisika. Gari lilipotulia, mama alibaki akitafuna hewa.

"We… mto…" Shimo. "…to… pole…" Shimo. "…pole… uta… nivunja… kiuno…"

Na baada yake kicheko. Kirefu. Kilikuja kikikatika-katika kwa kila jiwe, na mama aliposikia kikitoka chini ya miguu yake, alifunika mdomo kwa viganja viwili, nacho hakikuzibika.

Milimita alikuwa analia. Hakupunguza mwendo.

"Mwanangu," alinong'ona mwalimu mkuu mstaafu. Alikuwa ameketi wima, macho mbele, mkoba umebanwa kifuani, kama mtu aliyeamua kutogeuka. "Niambie kitu kimoja. Huko nyuma mpo… wangapi?"

Kwa sababu chini ya kicheko cha mama, kila gari lilipodunda, kulikuwa na mnong'ono mwingine. Mdogo, wenye subira. Hapo… hapo…

Mbele yao njia ilianza kunyooka, na lami ilikuwa inaonekana, nyeusi, laini, ya kimya. Mama alikuwa bado hajamaliza alichokuwa anataka kusema.

Akasimamisha gari, akaligeuza, akaanza kuyatafuta mashimo upya, moja moja, akianzia na lililo kubwa.